MAISHA YA SITI BINTI SAAD, MWIMBAJI WA UNGUJA

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Dadamu, na vivyo hivyo katika Arua na Koboko, Kiswahili hakikuingia kwa njia ya kitabu. Kiliingia kwa askari, kwa wafanya biashara na kwa madereva wa magari, kikakaa pamoja na Kinubi, Kilugbara na Kikakwa. Watu walikizoea kuwa lugha ya amri kambini na lugha ya bei sokoni. Katika sehemu nyingine za Uganda kilibandikwa hata sifa mbaya ya kuwa lugha ya bunduki, na wako mpaka leo wanaokikwepa kwa sababu hiyo. Anayetaka kujua kwamba lugha hiyo hiyo imepata kuwa lugha ya huzuni, ya mzaha, ya ibada na ya kudai haki, hana budi kuelekea pwani, katika kisiwa cha Unguja, na kuyatazama maisha ya mwanamke maskini ambaye hakupata kukaa darasani, lakini sauti yake ilivuka bahari.

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini magharibi wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Asili zote mbili ni za bara, na kwa watu wa aina hiyo njia ya kufika kisiwani zamani zile aghalabu haikuwa ya hiari. Mtoto hakupewa jina la Siti. Aliitwa Mtumwa.

Katika Unguja ya siku zile jina hilo halikuwa fumbo. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka wa 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash bin Said alilazimika kuutia sahihi mbele ya Waingereza, lakini kufungwa kwa soko si kukoma kwa utumwa. Mashamba ya mikarafuu yaliendelea kulimwa na watumwa. Sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe haikutolewa mpaka mwaka wa 1897, nayo iliacha mlango mmoja wazi kwa kuwatenga masuria, ambao hawakupata uhuru wa sheria mpaka mwaka wa 1909. Basi Mtumwa binti Saad alikuwa msichana wa miaka kama 17 hivi sheria ya kwanza ilipotoka, na mwanamke mzima ilipotoka ya pili. Ujana wake wote ulipita katika ule wakati mgumu ambao watu waliambiwa kwamba wako huru ilhali hawana ardhi, hawana ukoo unaohesabika, na kila aliyewaona njiani alijua walikotoka kwa kutazama tu nguo zao.

Nguo hizo zinastahili kutajwa, kwa maana zinaeleza mengi. Mwanamke mtumwa alivaa merikani nyeupe au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili, na haikuwa desturi yake kujifunika kichwa, kwa kuwa stara ilihesabiwa kuwa haki ya waungwana. Uhuru ulipokuja, wanawake hao hawakungoja kuandikiwa heshima na mtu. Waliziacha kaniki, wakanunua kanga zenye maua na maandishi, wakajifunika vichwa, na baadaye wengi wakavaa buibui. Mgeni aliyeshuka melini angeweza kudhani kwamba ameona mitindo tu ya mavazi. Mwenyeji alijua kwamba watu wanabadilisha hadhi yao mchana kweupe bila ya kupiga kelele.

Kazi ya nyumbani kwao Fumba ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti alivichukua kichwani mpaka mjini, mwendo wa zaidi ya maili 10 kwa miguu, akavitembeza mitaani huku akivinadi. Mchuuzi wa vyungu hana mizani wala duka. Ana sauti yake tu. Inasimuliwa kwamba sauti ya binti huyu ilisikika kutoka mbali, na wanunuzi walimjua kabla hawajamwona. Mama yeyote wa Dadamu aliyepata kubeba mzigo kichwani kwenda soko la Arua atafahamu jinsi kifua kinavyozoezwa na kazi ya namna ile, jua likiwa kali na mzigo ukiwa haujapungua. Huko ndiko Siti alikopata mafunzo yake ya kwanza. Hakuna mwalimu wa muziki aliyeyapanga.

Mwaka wa 1911 aliihama Fumba akaenda kukaa mjini. Wakati huo Mji wa Unguja ulikuwa na pande mbili zilizotengwa na mkono wa bahari. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, mabalozi, matajiri na jumba la Sultani. Upande wa pili ulikuwa Ng'ambo, wenye nyumba za udongo na makuti, ambako walikaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi, madobi na wale waliokuwa watumwa jana. Mjini alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa taarabu, aliyetambua alichokuwa nacho mwanamke huyu akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Ni katika maisha ya mjini alipoachwa kuitwa Mtumwa, akawa Siti. Neno hilo ni la Kiarabu, nao wasemaji wa Kinubi hawatashindwa kulitambua. Maana yake ni bibi mwenye heshima. Aliyezaliwa na jina la chini kuliko yote akafa na jina ambalo waungwana waliwaitia wake zao.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo alilolifanya, yafaa kujua taarabu ilikuwa nini kabla yake. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ganuni. Aliporudi akawafundisha wengine, na mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwan Safaa, ambacho kimeendelea kuishi hata zama hizi. Udi, fidla, ganuni na dumbaki zilikuwa ala za jumba la mfalme na za majumba ya matajiri. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakujua maana ya maneno, na hata baadhi ya waimbaji waliyakariri kama mtoto anavyokariri asichokifahamu. Lakini kutofahamu huko kwenyewe kulihesabiwa kuwa dalili ya ustaarabu. Waimbaji walikuwa wanaume.

Siti aliingia katika baraza hiyo akaimba Kiswahili.

Si kwamba hakuyaweza mengine. Aliimba nyimbo za Kiarabu, aliimba pia za Kihindi, na masikio yake yalikuwa mepesi kushika lahani ya kigeni. Wala si kwamba Kiswahili kilikuwa hakina mashairi; Mombasa, Lamu na Pate zilikuwa na tenzi na mashairi kwa karne kadhaa. Lililokuwa geni ni kuyakutanisha: ala za jumbani na lugha ya sokoni, mbele ya watu wa pande zote mbili za mji. Akiitwa kwenda kuimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala toka 1911 mpaka 1960, alikwenda na Kiswahili chake. Akirudi Ng'ambo aliimba yale yale katika harusi za watu wasio na kitu. Hapana shaka wako waliokwenda kumsikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya kustaajabu tu, kama mtu anavyokwenda kutazama mnyama mgeni, wakarudi mara ya pili kwa sababu nyingine.

Kundi lake lilikuwa na watu ambao majina yao hayapasi kupotea: Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam aliyekuwa kipofu, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban Umbaye. Walikusanyika jioni nyumbani kwa Siti. Majirani walikuja na habari za mchana, nani kaoa, nani kafungwa, nani kadhulumiwa na tajiri wa nyumba, na katika mazungumzo hayo nyimbo zilitungwa, zikakosolewa, zikatengenezwa upya. Kwa hiyo si rahisi kutenga beti za mtu mmoja na za mwingine. Zilikuwa mali ya baraza.

Mwaka wa 1928 kundi hilo lilipanda meli kwenda Bombay. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ambayo alama yake ni picha ya mbwa anayesikiliza santuri, ilitaka sauti za Afrika ya Mashariki kwa ajili ya kuuza mashine zake, na hapakuwa na mitambo ya kunasia sauti karibu zaidi ya Bara Hindi. Siti alikuwa karibu na miaka 50. Mtu aliyezoea kuimba usiku kucha, akirudia ubeti kwa kadiri wasikilizaji wanavyoupenda, alitakiwa sasa aumalize wimbo kwa dakika kama tatu, kwa maana upande mmoja wa sahani ya santuri haukuchukua zaidi ya hapo. Inastahili kukumbukwa na wote wanaozisikiliza sahani hizo siku hizi kwamba wanachokisikia ni kipande cha nguo; nguo yenyewe ilibaki Ng'ambo. Hata hivyo kipande hicho kilisafiri. Kati ya 1928 na 1930 zilinaswa nyimbo zaidi ya 200 zake na za wenzake, na sahani zilizouzwa zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Zilisikika pwani yote na katika miji ya bara, popote palipokuwa na santuri ya kutiwa ufunguo kwa mkono na watu wa kuizunguka.

Mwaka huo huo wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, wakuu wa serikali za Kiingereza za Afrika ya Mashariki waliafikiana kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe msingi wa lugha sanifu katika nchi zao. Katika Uganda Gavana Gowers alikuwa amekwisha kutaka Kiswahili kienezwe mashuleni, na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda akaandika mwaka wa 1929 kulipinga jambo hilo. West Nile, iliyounganishwa na Uganda mwaka wa 1914 tu, haikuulizwa. Ilikipokea Kiswahili kwa njia zake yenyewe. Wakuu walikaa katika kamati wakaandika kanuni za tahajia. Mwanamke wa Fumba hakuwamo katika kamati yoyote. Lakini yamkini kwamba masikio mengi zaidi yalijifunza ladha ya Kiunguja kutoka sahani zake kuliko kutoka sarufi zilizopigwa chapa, na hilo halisemwi kwa kudharau sarufi.

Umashuhuri ulimletea maneno. Washindani wake walitunga wimbo wa kumkejeli, wakiuliza ni lini mtu huyu alianza kuhesabika, yeye aliyekuja mjini kutoka shamba, tena hana hata sura ya kujivunia. Kwa desturi ya pwani, kijembe cha wimbo hujibiwa kwa wimbo. Siti hakujitetea kwa kujidai mzuri wala hakuuficha umaskini wa kwao. Alijibu kwa wimbo unaoeleza kwamba sura na nasaba si kitu cha kutukuzwa, na kwamba mtu hupimwa kwa akili yake na kwa kile anachokijua. Wimbo wa kejeli umebaki ukikumbukwa kwa sababu moja tu, kwamba ulijibiwa.

Kati ya nyimbo zake ule ulioenea sana huitwa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni, mja mzito, aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam kuwatembelea rafiki zake. Walitoka matembezi ya usiku, pakawa na ulevi, na mgeni akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Muuaji alitoroka akavuka kwenda bara. Serikali ilifanya mahakama, ikaita mashahidi, ikatoa hukumu. Na waliotiwa hatiani ni wale wanawake waliofuatana na marehemu, kwa kosa la kinywaji. Damu ya mwanamke haikulipwa. Siti hakuwa wakili wala hakuwa na gazeti. Alichoweza kufanya ni kulitaja jina la muuaji katika wimbo, likatangulia mbele yake popote alipokimbilia, na kuwaonyesha watu sheria ilivyofika pale ilipopaswa kufika kisha ikamshika asiyekuwa yeye. Wimbo mwingine ulimhusu mtu wa ofisini, msomi, aliyekula fedha za watu wasiojua kusoma, akaishia kifungoni akifanya kazi nzito kama mhalifu mwingine yeyote. Watu wa Ng'ambo waliupokea kwa furaha isiyofichika, maana si mara nyingi waliona kalamu ikihukumiwa.

Miaka hiyo ndiyo miaka ambayo Ng'ambo iligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, mgomo uliofikia kilele mwaka wa 1928 na ambao wanawake walishiriki sana. Si haki kusema kwamba nyimbo ndizo zilizoleta mgomo. Lakini watu walewale waliokuwa wakiandikwa katika vitabu vya serikali kuwa Wanyamwezi, Wazigua, Wayao na Wanyasa walikuwa wakijifunza kusema kwa kauli moja, na moja ya mahali walipojifunza ni uani mwa nyumba ambamo Siti aliimba.

Hapa msomaji wa Arua hatakosa kukumbuka historia iliyo karibu naye. Wanubi nao walikusanywa kutoka makabila mengi ya Sudani ya Kusini, wengi wao wakiwa wametekwa au wamelazimishwa kushika bunduki. Walikuwa askari wa Emin Pasha huko Wadelai, kando ya mto Nile, katika miaka ya 1880, kisha wakachukuliwa na Lugard mwaka wa 1891 kuitumikia dola nyingine. Majina ya kwao yaligawanyika. Lililowafanya kuwa watu wamoja ni dini, lugha ya Kinubi iliyochipuka katika Kiarabu cha kambini, mavazi, mapishi na ngoma. Katiba ya Uganda ya mwaka wa 1995 imewataja miongoni mwa jumuiya za wenyeji wa nchi, lakini doluka iliwataja zamani zaidi. Katika ngoma hiyo wanawake hutunga nyimbo za mambo yaliyotokea jana: aliyeoa kwa fahari, aliyemtupa mke, aliyerudi vitani, aliyeahidi na asitimize. Wasiojua Kinubi huona wanawake waliovaa vizuri wakicheza. Wenye kujua huinamisha vichwa wakisikiliza kama jina lao litafika. Kati ya doluka ya West Nile na taarabu ya Ng'ambo hakuna udugu wa ala wala wa lahani. Udugu wao ni wa kazi, kwamba zote mbili ni daftari la watu ambao madaftari ya serikali hayakuwaandika sawasawa. Tofauti ni kwamba kwa Siti kampuni ilifika na mitambo. Kwa wanawake wengi wa doluka hakufika mtu, na walipofariki walikwenda na beti zao.

Wala jambo hili halikuwa la Afrika ya Mashariki peke yake. Miaka ile ile sahani za santuri ziliwainua wanawake wa mahali pengine waliotoka chini. Katika Marekani Bessie Smith, binti wa Chattanooga aliyepata kuimba njiani ili apewe senti, alinaswa sauti kwa mara ya kwanza mwaka wa 1923, na watu weusi waliohamia miji ya kaskazini walijisikia wenyewe katika nyimbo zake. Katika Misri Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijiji, alianza kwa kuimba kasida pamoja na baba yake akiwa amevishwa nguo za kiume ili watu wasikemee. Alipofariki mwaka wa 1975 Cairo ilijaa watu. Kila mmoja wao alipata jina kubwa kwa kuimba kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kukemewa huko Siti alikujua vizuri. Masheikh wa Unguja hawakuwa na kauli moja juu ya ala za muziki, kama vile Waislamu wa pengine hawajawa na kauli moja, na mwanamke kuimba mbele ya wanaume lilikuwa jambo zito zaidi. Wako waliomwona kuwa amevunja stara. Wako waliosema kwamba nyimbo zake zilikuwa na mawaidha kuliko baadhi ya mazungumzo ya barazani. Mzozo huo haukwisha katika maisha yake, nao si wa kumalizwa katika kurasa chache; Waislamu wa Dadamu wanaujua, kwa kuwa huamka kila panapokuwa na harusi na ngoma ikatajwa. Haki inataka isemwe tu kwamba Siti aliishi na kufa akiwa Mwislamu, na kwamba watu wa mtaani kwake, waliomwona kila siku, walimpa heshima ambayo hawakuwapa matajiri wengi.

Katika miaka ya 1930 biashara ya sahani ilidhoofika kwa shida ya fedha iliyoikumba dunia, na kampuni hazikumtafuta tena kama mwanzo. Alizidi kuimba nyumbani kwake na katika shughuli za watu. Vita Kuu ya pili ilipita. Uzee ulimkuta na jina kubwa na mali ya kiasi.

Kabla ya kufariki kwake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wa Tanga, mwana wa mwaka wa 1909, ambaye alitaka kuyaandika maisha yake. Tendo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Wasifu katika Kiswahili uliwahi kuandikwa juu ya watawala, wafanya biashara wakubwa na watu wa dini. Hapa mwandishi mkubwa wa zama zake alimchagua mwanamke aliyekuwa mchuuzi wa vyungu, akakaa, akamsikiliza. Kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwaka wa 1958, naye Shaaban Robert akafariki mwaka wa 1962. Wengi wa wanafunzi waliokisoma shuleni walimjua Siti kwa macho kabla ya kumjua kwa masikio, jambo ambalo lingemshangaza mwenyewe.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai, 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Hakuwahi kuuona uhuru wa Tanganyika wala wa Uganda, wala mapinduzi ya Unguja ya mwaka wa 1964 ambayo yalileta fujo katika mengi aliyoyajua. Mwaka wa 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti.

Sahani zake nyingi zimevunjika, kwa maana zilitengenezwa kwa kitu chepesi kuvunjika kama chungu. Nyingine zimehifadhiwa katika nyumba za kumbukumbu, na kelele za sindano zimechanganyika na sauti. Lakini nyimbo zenyewe zilikuwa zimekwisha kupita njia nyingine. Msichana mmoja wa Unguja, Fatuma binti Baraka, binti wa muuza nazi, alizisikia angali mdogo akazishika. Watu walimwita Bi Kidude. Aliimba katika Misri, Ulaya na Japani akiwa kikongwe, akipiga ngoma ya msondo kwa mikono yake, na katika nyimbo alizoendelea kuziimba mpaka karibu na kifo chake tarehe 17 Aprili, 2013, ulikuwamo ule wa Kijiti, na jina la muuaji bado lilitajwa.